Nilivyomshuku mkamwana wangu kwa sukari iliyopanda kila Jumapili

Wakuu, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi si mwandishi wa mara kwa mara humu. Husoma, hutikisa kichwa, kisha hufunga simu. Leo naandika kwa sababu katika nyuzi za afya nimekutana na "nasikia" nyingi mno, na neno hilo hilo liliniaibisha ndani ya boma langu mwenyewe.

Nitaeleza niliyoyaona, niliyoyapima na niliyoyatamka kwa kinywa changu. Pale nilipokuwa nikikisia, nitasema nilikuwa nikikisia. Sina cha kuuza.

Nina miaka sabini na moja. Nyumbani ni bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Nilistaafu nikiwa mkaguzi wa shule, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa upande wa Migori, kutoka Uriri hadi Kegonga kule kwa Wakuria.

Kazi ya mkaguzi ni kutoamini. Unaambiwa darasa lina wanafunzi arobaini, unawahesabu. Unaambiwa mwalimu amefundisha muhula mzima, unaomba daftari lake la kazi na kulipekua siku baada ya siku. Mwalimu aliyeniletea daftari lenye siku isiyoandikwa alijua hatatoka mbele yangu bila maelezo.

Likumbukeni hilo.

Shida yangu ilianzia kwenye jicho. Jicho la kulia liliingia ukungu polepole, mpaka nikawa nasoma kwa la kushoto peke yake, nalo si zima sana. Nikaenda kliniki ya macho mjini Migori. Daktari akaniambia ni mtoto wa jicho, na kwamba anaweza kumtoa.

Kisha akapima sukari yangu, akaweka kalamu chini.

"Mzee, na sukari hii siwezi kukupasua. Kidonda hakitapona vizuri. Nenda uishushe, urudi baada ya miezi mitatu. Ukirudi ikiwa hivi, tutaahirisha tena, na hilo jicho la pili halitakusubiri."

Aliniandikia kwenye karatasi namba ambayo sukari yangu ilipaswa kuwa chini yake. Sitaitaja hapa. Ni yangu, niliandikiwa mimi, na najua kuna msomaji atakayeichukua na kuifanya yake.

Mtu aliyeishi kwa kusoma akiambiwa hatasoma tena, hahitaji kuhimizwa na mtu. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari la mistari, kurasa tisini na sita. Vidonge vya kliniki nikavimeza kama nilivyoelekezwa. Kila nilichokula nikakiandika, pamoja na saa na kipimo.

Asubuhi, uji wa wimbi usio na sukari, kikombe kimoja. Chai ya majani siinywi. Mimi ni Msabato na nililelewa hivyo. Mchana, ugali wa mtama usiozidi ukubwa wa ngumi yangu, na mboga chungu tunayoiita osuga, sahani nzima. Jioni, samaki au maharagwe, na uji tena, nusu kikombe.

Na nikaanza kutembea. Kutoka lango langu hadi njia panda ya kuelekea mbugani ni hatua elfu mbili na mia moja. Nilizihesabu mara tatu, siku tatu tofauti. Kwenda na kurudi, kila alfajiri, mwendo wa haraka.

Hapa niweke jambo moja pembeni. Kwetu, mzee akionekana anatembea kwa kasi alfajiri bila jembe wala kikapu, watu hawadhani anafanya mazoezi. Asubuhi ya kwanza jirani alinisimamisha kwenye ua wake, akaniita mwalimu kwa Kiluo.

"Japuonj, ng'ombe imepotea?"

Nikamwambia hakuna ng'ombe aliyepotea.

"Sasa unafukuza nani?"

Nikamwambia nafukuza sukari. Alinitazama kwa huruma. Siku ya tatu nilisikia kwamba nimepoteza fahali wawili na ninaficha kwa sababu ya aibu. Siku ya tano mwenye boda boda alinipungia mkono: "Mzee panda tu, leo nakubeba bure, najua mambo imekuwa ngumu." Ndivyo habari zinavyozaliwa, wakuu. Mtu anaona miguu, anatunga kichwa.

Tuendelee.

Stripu za kupimia sukari ni ghali, kwa hiyo niliamua kupima mara moja kwa wiki. Nilichagua Jumapili asubuhi kabla ya kula, kwa sababu ndiyo siku ya kwanza ya juma langu na ndiyo siku niliyokuwa nikifungua ukurasa mpya.

Jumapili ya kwanza, namba ilikuwa juu. Nikasema mwili haujazoea.

Jumapili ya pili, juu. Ya tatu, juu. Ya nne ilipanda kuliko ya tatu.

Hapo ndipo mkaguzi aliyestaafu ndani yangu alipoamka. Nilikuwa na daftari safi. Nilikuwa na hatua zangu. Kama maandishi ni sahihi na matokeo ni mabaya, basi kuna mtu au kitu kinachodanganya.

Nilianza na mashine yangu ya kupimia. Nikaibeba siku ya Alhamisi hadi zahanati, nikaomba wanipime kwa ya kwao, kisha nikajipima kwa yangu palepale. Zote mbili zilikubaliana. Na namba ilikuwa nzuri. Ilikuwa chini ya ile ya daktari.

Mwenye akili timamu angejiuliza: kati ya Alhamisi na Jumapili kuna nini? Nami nilijiuliza. Lakini nilijiuliza vibaya. Niliuliza: kati ya Alhamisi na Jumapili, nani hunipikia?

Jibu lilikuwa Boke.

Boke ni mke wa mwanangu wa pili. Mwanangu hufanya kazi mjini Migori na huja mwisho wa mwezi, na Boke anaishi bomani kwetu katika nyumba yao. Ni Mkuria, msichana wa Kegonga, Mkatoliki. Kwa kuwa hajui Kiluo cha kutosha na mimi sijui Kikuria, mimi naye huzungumza Kiswahili. Siku za kawaida mke wangu, Mama Awino, ndiye hunipikia. Lakini siku ya Sabato sisi wawili hushinda kanisani, na Boke hubaki nyumbani. Mama Awino huchelewa kwenye kikao cha akina mama. Kwa hiyo uji wa jioni ya Jumamosi hupikwa na Boke.

Hapo nilikuwa nikikisia tu. Ushahidi sikuwa nao. Kisha mtu akanipa nilichodhani ni ushahidi.

Kuna mzee mwenzangu wa kanisa, nitamwita Mzee J. Mwezi huo huo alikuwa ameniletea unga wa majani fulani kutoka soko la Ogwedhi, akasema unaosha sukari kwa wiki mbili.

Nilimuuliza: "Nani amepimwa kabla ya kuunywa, akapimwa na baada?"

"Watu wengi sana, Mwalimu."

"Nitajie mmoja."

Akasema atauliza. Unga ule sikuugusa, na mpaka leo hajanitajia hata mmoja.

Lakini mtu yule yule, nilipomdokezea kuhusu sukari ya Jumapili, aliinama karibu na sikio langu: "Nasikia wasichana wa upande ule, kumpa mkwe uji bila sukari ni kama kumtukana. Hata ukimkataza, ataweka kidogo kwa heshima."

Unga wa mkono wake niliukataa. Maneno ya mdomo wake niliyameza bila maji. Sikumuuliza nani kamwambia. Sikumuuliza lini. Mimi niliyekaa Kegonga kikazi na kunywa uji wa huko mara nyingi, sikujiuliza hata kama niliwahi kuona jambo hilo. Sikuwahi.

Ijumaa iliyofuata, kabla jua halijatua, nilichukua kopo la sukari la jikoni, nikasawazisha sukari kwa kijiko, na ndani ya kopo nikachora mstari wa penseli pale ilipoishia. Sikumwambia yeyote. Mama Awino alikuwa nje akipanga vyombo vya kesho.

Jumamosi jioni nilirudi peke yangu. Jua lilipotua, nikaenda moja kwa moja kwenye kopo.

Sukari ilikuwa imeshuka chini ya mstari kwa upana wa vidole vitatu.

Boke akaja na uji wangu, akauweka mezani kwa mikono miwili kama afanyavyo siku zote. Nikauliza, bila kuinua sauti:

"Boke, leo umetumia sukari?"

"Hapana, Baba. Sijatumia."

"Kopo linasema imetumika."

Akatazama kopo. Akatazama mstari wa penseli. Nadhani mstari ndio uliomuuma kuliko swali.

"Baba umeniwekea alama?"

"Nimeiwekea sukari alama."

Kisha akasukuma kikombe mbele yangu. "Basi onja, Baba. Uji ndiyo hiyo. Onja, uniambie."

Wakuu, hapa ndipo penye kosa langu kubwa, na naliandika bila kulipunguza. Sikuonja. Nilimwambia siwezi kupokea ushahidi uliotayarishwa na anayeshukiwa.

Naam. Hayo ndiyo niliyomwambia mke wa mwanangu juu ya kikombe cha uji.

Alichukua kikombe, akanywa mwenyewe mpaka mwisho akiwa amesimama, akafuta mdomo wake kwa leso.

"Kuanzia leo uji wako Mama atapika. Mimi sitashika jiko yako tena, Baba."

Akatoka. Hakulia wala kubamiza mlango. Siku mbili zilizofuata alinisalimu vizuri, asubuhi na jioni, na hakusema neno la ziada.

Jumamosi ile nililala bila uji. Jumapili asubuhi nikapima nikiwa na uhakika kwamba namba itashuka.

Ilikuwa juu kuliko zote.

Mngedhani hapo nilimwondolea lawama. La. Nilianza kuushuku ugali. Nilikwenda kunusa unga.

Kesho yake, Jumatatu, ilikuwa siku yangu ya kliniki ya sukari mjini Homa Bay. Zilikuwa zimebaki wiki tano nirudi kwa daktari wa macho. Nilibeba daftari langu, nikalikabidhi kwa muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, na kumwambia kwamba kumbukumbu zangu ni kamili na ninataka kujua ni nini kinachoniharibia matokeo.

Alilipekua polepole. Alipekua kama nilivyokuwa nikipekua mimi.

"Mwalimu, kazi nzuri. Sijaona mgonjwa ameandika hivi." Akafungua ukurasa mwingine. Akarudi nyuma. Akaenda mbele. "Sasa Jumamosi iko wapi?"

"Siku ya Sabato siandiki. Ni kazi."

"Sawa. Na kutembea?"

"Sitembei mazoezi siku ya Sabato."

"Sawa. Lakini unakula?"

Wakuu, kliniki nzima ilikuwa na kelele, lakini mimi sikuisikia tena.

Daftari langu lilifungwa Ijumaa jua linapotua na kufunguliwa Jumapili. Wiki baada ya wiki, siku sita. Mimi niliyewasimamisha walimu kwa siku moja tupu.

Akachukua kalamu. "Mwalimu, niambie ya juzi. Baada ya ibada mlikula nini?"

Nikaanza kutaja. Chakula cha ushirika kanisani kwetu kila familia huleta chungu chake, na mzee wa kanisa hawezi kuruka chungu cha mtu, maana mwenye chungu anatazama. Wali. Ndengu. Viazi vya nazi vya familia moja iliyowahi kuishi Mombasa. Chapati.

"Ngapi?"

"Nne. Ni nyembamba."

"Endelea."

Ndizi za kuiva. Mandazi ya akina mama. Na chapati mbili nilizofungiwa kwenye karatasi, nikazila njiani.

Niseme kwa nini sikuwahi kuviona. Kwetu Wasabato chakula cha ushirika hakina nyama, na mimi nilikuwa nimejiaminisha, bila kuthibitisha, kwamba kisicho na nyama hakina hatia. Tena nilikila mahali pa ibada, pamoja na watu wema, baada ya mahubiri. Sikukihesabu kuwa chakula. Nilikihesabu kuwa sehemu ya ibada.

"Na kinywaji?" akauliza.

"Juisi ya matunda. Vikombe vitatu."

"Ya kununua?"

"Hapana. Hutengenezwa na mke wangu."

"Anaweka sukari?"

Niliona vidole vitatu vya kopo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Awino anachambua mboga. Nikamuuliza sukari ya Ijumaa ilikwenda wapi.

"Kanisani. Kwa juisi. Nilitoa alfajiri ya Sabato."

"Yote ile?"

Akaniangalia kama mtu aliyechoka. "Si ni wewe ulisema ile ya wiki iliyopita ilikuwa nyepesi kama maji ya kuosha vikombe? Nikaongeza. Ukanywa tatu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuna aliyemuuliza. Na ni kweli. Kati ya watu wote wa boma hili nilimhoji mmoja tu, yule ambaye nilikuwa nimeshamhukumu.

Desturi yetu haimruhusu baba mkwe kuingia nyumbani kwa mwanawe. Kwa hiyo nilikwenda nikasimama uani kwa Boke, kwenye jua, kofia mkononi. Alikuwa anapepeta wimbi.

"Boke. Sukari ilikuwa kwenye juisi ya kanisa. Aliyeinywa ni mimi. Nilikukosea, na nilikukosea kwa maneno ya kusikia."

Ungo haukusimama.

"Nimesikia, Baba."

Nikasubiri. Sijazoea kusubiri.

"Utanipikia uji tena?"

Hapo ndipo aliposimamisha ungo. "Nitapika. Lakini utaonja mbele yangu. Kila siku. Mpaka mimi nichoke."

Nikakubali. Jioni ile nilionja mbele yake. Haukuwa na sukari. Ulikuwa na limau kidogo, kama ulivyokuwa siku zote.

Kisha nikamwomba jambo la pili. Mimi Sabato siandiki, na hilo sitalibadilisha. Lakini Boke Sabato yake ni Jumapili. Nikampa daftari, nikamwomba kila Jumamosi jioni aniulize nilichokula, aandike yeye. Alilipokea, akalifungua, akalitazama kwa muda.

"Na nikiona unadanganya?"

"Andika unachoona ni kweli."

Mambo mengine niliyoyabadilisha ni madogo. Kanisani nilianza kwenda kwa miguu, maana hakuna aliyewahi kusema kwenda kuabudu ni kazi. Nilibeba kopo langu la viazi vitamu vya kuchemsha na osuga. Nilionja chungu cha kila mtu kwa kijiko kimoja, na mwenye chungu akitazama namwonyesha jicho langu. Juisi nikaiacha, nikanywa maji. Kupima nikaongeza Jumatano. Mzee J alinicheka mbele za watu akasema nimekuwa mgeni kwenye meza ya Bwana. Nikamuuliza kama ameshapata jina la mtu aliyepimwa kwa ule unga wa Ogwedhi.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo namba ilishuka kidogo. Ya pili ikafanana na Jumatano. Wiki ya tano nilirudi Migori. Daktari alipima, akapima tena, maana naye ni wa aina yangu. Kisha akaniandikia siku ya upasuaji.

Nilipasuliwa siku hiyo, na kesho yake wakanifungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichoomba kutoka kwenye mfuko wangu kilikuwa daftari. Kwa wiki zile kurasa za Boke nilikuwa nikizipita. Mwandiko wake ni mdogo na jicho langu la kushoto lilikuwa halifiki. Sasa nilizisoma, moja baada ya nyingine, kwa jicho jipya.

Ukurasa wa mwisho, wa Jumamosi iliyotangulia upasuaji, ulisema hivi:

"Baba amesema chapati moja. Nimeuliza Mama, amesema mbili. Nimeuliza Baba tena, amesema hakumbuki. Nimeandika mbili."

Zilikuwa mbili, wakuu.

Funzo langu ni hili, nanyi mlipime kabla ya kulikubali. Tabia njema ya kula na kutembea haiharibiwi na siku unazoziandika. Itafute ile siku usiyoiandika, iwe ni ya ibada, ya matanga au ya harusi, uanzie hapo. Na kabla ya kuchora mstari kwenye kopo la mtu, chora kwanza kwenye sahani yako. Vidonge na namba zenu ni kati yenu na daktari wenu. Msichukue vyangu.

Mwenye uzoefu wa chakula cha ushirika au cha matanga, na namna alivyokataa bila kumvunjia mtu heshima, aandike hapa chini. Natafuta hasa neno la kumwambia mwenye chungu cha viazi vya nazi.

Aje na alichokifanya mwenyewe. Atakayeanza na "nasikia" nitamuuliza ni nani aliyemwambia, na nitasubiri jibu.